Shida Ni Kuacha

Kicheko ndicho kilichomshinda Fundi Jua. Maneno yaliyotangulia kicheko hicho yalikuja kueleweka baadaye, tena mbele za watu, lakini kicheko chenyewe hakuna aliyekieleza, na anayesimulia haya amekizungusha kichwani mara nyingi bila kufika popote. Asubuhi hiyo Fundi Jua alikuwa juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, anapangusa vumbi kwenye paneli zake za sola kwa kitambaa kilicholowa, na mkewe alikuwa uani chini yake, anaanua nguo huku anaongea na simu. Bati huleta sauti vizuri kuliko ukuta. Akamsikia anasema taratibu, kama mtu anayembembeleza mwenzake: "Shida si kuanza. Kuanza ni rahisi. Shida ni kuacha. Ukishazoea halafu ukaacha ghafla, joto lote linarudi kwa mpigo, na hapo nani atalistahimili?" Kimya kidogo. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha chini, ambacho Fundi Jua alikifahamu sana, kwa sababu kabla ya siku hiyo alidhani ni chake peke yake.

Alasiri akayabeba maneno hayo hadi kijiweni, mazima, bila kumwambia mtu. Kijiwe chao ni benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, kreti mbili za soda zilizopinduliwa, na jiko la mkaa la muuza kahawa. Mbele kuna uwanja wa mpira wenye magoli ya mabomba. Kushoto kuna duka la dawa, na juu ya duka la dawa, ngazi za nje zinapoishia, ndipo alipopanga Bwana Puto.

Bwana Puto ni jina la kijiwe. Jina lake halisi analijua mwenye nyumba. Ni mtaalamu wa anga, mtu mpole, ambaye shati lake hubaki limenyooka hata mchana wa joto kali, na hilo peke yake lilikuwa limetosha kumfanya Fundi Jua asimpende. Alikuwa anatafuta mahali pa kurushia puto kubwa jeupe. Puto lingepanda juu kuliko mawingu, limwage unga mweupe laini kama poda, na unga huo ungerudisha mwanga kidogo wa jua huko ulikotoka, ili siku moja, kazi hiyo ikifanywa kwa wingi, dunia ipoe. Hili la kwanza lilikuwa la kujaribia tu. Uwanja alioutaka ni huo wa mbele ya benchi, na kwa kuwa wenye benchi ndio waliofyeka vichaka na kusimamisha magoli, mjumbe wa mtaa alimwambia awaulize wao. Jibu lilitakiwa siku hiyo.

Tena kulikuwa na jingine, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Mke wa Fundi Jua anafanya kazi kituo cha hali ya hewa, anapima mvua na upepo. Uwanja ukitolewa, yeye ndiye angeongoza vipimo, kituo hadi kituo, ndani ya gari la Bwana Puto.

— Mimi nasema tuwape, alianza Kinyozi. Kijiwe kinamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzima. Tukikataa, wanapewa watu wa ng'ambo ya bonde. Mnataka puto lipande ng'ambo?

— Ng'ambo tayari wana taa za barabarani, alisema Breki kwa uchungu. Breki ni dereva mstaafu wa lori, na goti lake moja halikunji.

— Na lami.

— Na lami, ndiyo. Sasa tuwape na kivuli? Wakae wamepoa sisi tunaungua, wanatuangalia hivi kutoka kule?

— Kahawa yao lakini ni maji ya kuoshea vikombe, alisema Shangazi, akipuliza jiko. Yeye ndiye muuza kahawa. Kijiwe kizima kinamwita Shangazi kwa heshima, ila kwa Fundi Jua ni shangazi hasa: ni dada wa baba wa mkewe. Kwa hiyo kila Fundi Jua anachokisema kijiweni kina masikio ya ukweni.

— Mimi simtaki, alisema Fundi Jua.

— Humtaki nani?

— Puto.

— Puto huwa tunasema silitaki, alisema Redio.

— Silitaki. Nimesema silitaki. Mimi kazi yangu jua. Nafunga sola, nalisha watoto kwa jua. Mtu anatoka huko alikotoka, anapanda ngazi za watu, anataka kuchukua jua langu.

— Jua lako! Uliandikishiwa lini?

— Kabla yake nilikuwa nalo.

Wakacheka. Fundi Jua hakucheka. Alikuwa amepewa kikombe cha kahawa na amekishika tu, hajakionja.

— Lakini wanachukua kidogo, alisema Redio. Nimesikia kwa masikio yangu, wanapunguza mwanga kidogo sana.

— Mwanga? alidakia Shangazi. Kuna mmoja nyuma ya nyumba yangu, usiku hanipi usingizi. Waanze na huyo.

— Mwanga wa jua, Shangazi, si mwanga wa uchawi.

— Mimi nimesema tu waanze na huyo.

— Sikilizeni, Redio akasogea mbele. Mnajua mwisho wake? Mita. Jua litakuwa na mita. Umeme tulikuwa hatuna mita, tukawekewa. Maji hivyo hivyo. Utaamka asubuhi kwako giza, kwa jirani kumekucha. Unatoka nje unauliza, kulikoni? Kumbe hujaongeza salio.

— Na jirani hawezi kukuazima?

— Akuazime jua? Atakuzibia hata la dirishani.

Breki aligonga goti lake bovu.

— Mita si kitu. Mimi nauliza usukani. Nani anashika usukani? Nimeendesha lori mpaka goti likagoma, sijaona lori lenye madereva wawili wanaokata kona kwa pamoja. Huku mmoja anasema poza, tunakufa. Kule kwenye barafu mwingine anasema acha, sisi ndiyo kwanza tunaota joto. Nyumbani kwangu feni moja tu, feni ya kuchomeka ukutani, imetutenganisha vyumba mimi na mke wangu. Sasa feni ya dunia nzima?

— Watapigana, alisema Redio, na sauti yake ilikuwa na furaha. Na mvua je? Mvua ina njia zake. Ukilivuruga jua, mvua inapotea, inakwenda kunyesha kwa watu ambao hawakuihitaji. Wale waliokuwa wanaisubiri watakuja hapa na mapanga. Watatuuliza, mvua yetu mmeipeleka wapi? Tutawajibu nini?

— Kama imekuja kwetu, tutawajibu hatujaiona.

— Breki!

— Nini? Ng'ambo wakipata mvua yetu watatuambia?

Hapo Shangazi alisimamisha mkono uliokuwa unamimina. Alikuwa mtu wa maneno machache yenye mzaha, na akiacha mzaha watu hunyamaza.

— Nyie mnacheka. Jirani yangu, yule mzee mwenye cherehani, joto la mwezi uliopita limemchukua amekaa kwenye kiti. Tulidhani amesinzia. Nguo ya mtu ilikuwa bado iko chini ya sindano. Mimi nasimama mbele ya mkaa toka alfajiri, na sasa najua mwili unavyoanza kukataa. Mtu akija akaniambia ana kitu cha kupoza, simuulizi ana shati la namna gani.

Alisema hivyo bila kumwangalia Fundi Jua, na Fundi Jua akahisi shingo inamwaka. Hakuwa mtu mbaya. Mzee wa cherehani alikuwa rafiki yake, na yeye ndiye aliyemfungia taa ya sola chumbani. Kwa kitambo kifupi alijaribu kulifikiria puto kama puto, unga kama unga, joto kama joto, na kila alipokaribia, aliona mkewe amekaa kiti cha mbele cha gari, dirisha limeshushwa.

Ndipo mdomo ukamponyoka.

— Nina rafiki yangu, alisema.

— Ee, alisema Breki.

— Mnamjua? Hammjui. Wa mbali. Huyu rafiki yangu alimsikia mkewe anaongea na mwanamume kwenye simu.

— Alijuaje kuwa ni mwanamume? aliuliza Redio.

— Alijua.

— Kwa sauti ya nani? Ya mke?

— Kuna namna, bwana. Wewe ungejua.

— Endelea, mkwe wangu, alisema Shangazi kwa upole sana. Tunamsikiliza rafiki yako.

Fundi Jua alikuwa amekwisha kuingia, na kurudi nyuma kungekuwa aibu kubwa zaidi. Akayatoa maneno yote kama alivyoyasikia juu ya bati, moja baada ya jingine: kuanza, kuacha, kuzoea, joto. Kicheko akakiacha. Alipomaliza, mkaa ulitoa cheche.

— Hiyo imeisha, alisema Breki. Pole yake. Yaani pole ya rafiki yako.

— Imeisha vipi?

— Mtu anasema shida ni kuacha. Maana yake walishaanza.

— Si lazima, alisema Redio. Kasema kuanza ni rahisi. Hakusema tumeanza. Pengine ndiyo anamkataa. Anamwambia bwana, bora tusianze, maana tukianza hatutaweza kuacha.

— Huko ndiko kukataa? Hata mimi ningependa kukataliwa hivyo.

— Na pengine anayezungumziwa kuachwa ni mume, Redio akaendelea, moto umemshika. Tazama. Ukishazoea, yaani ndoa. Ukaacha ghafla, yaani talaka. Joto linarudi lote, yaani...

— Redio, alisema Shangazi.

— Naam.

— Kunywa.

Redio akanywa. Na walipoinua macho, mke wa Fundi Jua alikuwa anakuja kwa kando ya uwanja, bado amevaa koti la kazini lenye mifuko mikubwa. Hakuwahi kukaa kwenye benchi hilo hata siku moja. Wanaume walisogea kwa fujo kumpisha, Breki akajigonga goti, Redio akafuta kreti kwa mkono wa shati lake.

— Karibu, shemeji. Karibu sana. Kaa.

— Nitasimama, asanteni. Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Kazi?

— Nzuri. Akamtazama mumewe. Fundi.

— Mm, alisema Fundi Jua.

— Nimesikia mnajibu leo. Nimekuja na swali, kwa sababu nimelitafutia jibu wiki nzima na sijalipata. Nyie hapa mna maneno mengi, nikasema labda. Siku mkishaanza, mtaachaje?

Breki alimwangalia Redio, Redio akamwangalia Fundi Jua, na Fundi Jua aliangalia kahawa yake.

— Shida si kuanza, aliendelea mkewe. Kuanza ni rahisi. Shida ni kuacha. Ukishazoea...

— Ukaacha ghafla, alisema Breki.

— Joto lote linarudi kwa mpigo, alisema Redio.

Mwanamke alishangaa.

— Mmeyatoa wapi?

— Rafiki yake Fundi, alianza Breki, yule wa mbali...

— Yule mwenye bati, Shangazi alimkata. Anapenda mambo ya anga. Hebu tueleze, mwanangu, hawa hawakuelewa vizuri. Walidhani ni habari nyingine.

Mwanamke alimtazama mumewe kwa muda. Kama alielewa, hakuonyesha. Akakaa kwenye kreti baada ya yote, akaweka mikono ndani ya mifuko ya koti.

— Unga ule haukai juu milele, alisema. Unashuka. Kwa hiyo lazima upandishwe mwingine, na mwingine, kila mwaka. Ndiyo, inapoa. Shangazi, sikudanganyi, pengine mzee wa cherehani angekuwa hai. Lakini moshi unaoleta joto haujaondoka, uko palepale, na watu wakiona kumepoa watachoma zaidi. Sasa ije siku unga ukosekane. Vita, au ugomvi, au walioanzisha wamechoka. Joto lililozuiwa miaka yote hiyo linarudi lote ndani ya miaka michache. Shamba halitapata nafasi ya kulizoea. Wala miti, wala watu. Na hapo wa kuulizwa hayupo.

— Lakini hili puto moja..., alisema Redio.

— Hili moja halitamdhuru hata kuku. Hilo nawahakikishia. Nimepiga hesabu mwenyewe. Ninachokiogopa ni la pili, na la mia, na kwamba hatutakumbuka ni lini tulisema sawa.

— Umemuuliza yeye? aliuliza Fundi Jua. Ndilo neno lake la kwanza la maana. Bwana Puto?

— Nimemuuliza. Leo asubuhi, kwenye simu.

— Akasemaje?

— Alinyamaza.

— Alinyamaza vipi?

— Fundi, watu wananyamaza kwa namna moja.

— Hapana. Kuna anayenyamaza anafikiri, na kuna anayenyamaza anakuangalia.

— Kwenye simu ataniangaliaje?

Breki aliangua kicheko mpaka akashika goti. Hata Shangazi aligeukia jiko, mabega yakimtikisika. Fundi Jua alisubiri mkewe acheke pia, akitaka na hataki, lakini mkewe hakucheka.

— Kisha akasema hajui, mkewe aliendelea. Akasema atawauliza walio juu yake. Namheshimu kwa hilo. Wengine wangenidanganya.

"Namheshimu" ilimchoma Fundi Jua kama cheche iliyoruka jikoni.

— Na kazi? aliuliza. Kazi unaitaka?

— Naitaka. Toka niingie kituoni napima mvua iliyokwisha kunyesha. Hii ni mara ya kwanza mtu ananiambia niongoze. Sijawahi kukitaka kitu kama ninavyoitaka.

Kitu, Fundi Jua alijiambia. Amesema kitu, hakusema mtu. Alilishika neno hilo kama mtu anayeteleza anavyoshika jani.

— Sasa wewe unataka tujibuje? aliuliza Breki. Maana hapa unatupa na huku unatunyang'anya.

— Sijui. Ningejua nisingekuja.

Redio, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya benchi hilo, hakuwa na nadharia. Ni Shangazi aliyesema, baada ya kufunika birika lake, kwamba mtu mwenye joto anaweza kungoja jibu, maana joto analo tayari, halimkimbii. Lakini mtu aliyeanza kitu asichoweza kukiacha hana tena cha kungoja. Alisema na macho yake yana maji, na alikuwa ndiye aliyetaka puto kuliko wote.

— Basi tuwaambie, alisema Breki. Uwanja upo. Wakija na jibu la swali hili, tutakaa tena. Wakija bila jibu, watoto wacheze mpira.

— Na wakienda ng'ambo? aliuliza Redio kwa sauti ndogo.

— Waende na swali letu huko huko.

— Nani anapeleka?

— Mimi, alisema Fundi Jua, na alikuwa amekwisha kusimama.

— Kaa, mkwe wangu, alisema Shangazi.

— Kwa nini?

— Sisi tunapeleka swali. Wewe utapeleka ngumi.

— Sina ngumi mimi.

— Unayo. Umeikunja toka ulipofika.

Fundi Jua aliangalia mkono wake usioshika kikombe. Ulikuwa umekunjwa kweli. Akaukunjua kidole kimoja kimoja, akakaa.

— Niende mimi, alisema Redio.

— Wewe ukifika katikati ya ngazi swali litakuwa limezaa, alisema Breki. Na mimi ngazi zile siziwezi.

— Nitakwenda mwenyewe, alisema mkewe Fundi Jua. Swali ni langu, nitalieleza. Lakini nataka liwe neno la kijiwe, si langu. Nikilipeleka kama langu, ataniona nimeikimbia kazi.

— Na akijibu? aliuliza Fundi Jua.

— Akijibu jibu la kweli, nitapanda gari lake na kulifuata puto. Nimekwambia naitaka.

— Na asipojibu?

— Nitarudi kupima mvua.

Kijiweni hapo mtu hakubali kwa kuinua mkono. Hukimaliza kikombe chake akakigeuza kifudifudi kwenye ubao, maana yake hana neno tena. Breki aligeuza cha kwake. Redio akageuza. Shangazi, ambaye hanywi mbele ya wateja, alijimiminia kidogo, akanywa, akageuza. Cha Fundi Jua kilikuwa bado kimejaa.

Akaanza kunywa. Ilikuwa imepoa, na kahawa iliyopoa ni chungu kuliko ya moto. Alikunywa kidogo kidogo, macho yake kwenye ngazi za duka la dawa, kwenye mlango ulio juu yake, kwenye pazia la dirisha lililokuwa linapepea. Hakuna aliyemharakisha. Mkewe alisimama, akafunga vifungo vya koti lake, akasubiri. Fundi Jua angeweza kuacha tone moja chini ya kikombe, na jambo lote lingelala hapo mpaka kesho, na kesho huenda kijiwe kingemtuma mtu mwingine. Alilitazama tone hilo. Kisha akalinywa.

Iliamuliwa hivi: uwanja hautatolewa mpaka swali la kuacha lijibiwe, na jibu liletwe benchini na Bwana Puto mwenyewe, kwa mdomo wake. Aliyepeleka neno hilo ni mkewe Fundi Jua, alasiri ile ile, peke yake, akipanda ngazi bila haraka. Na kikombe cha mwisho kugeuzwa kilikuwa cha mumewe.